Ukuta Mmoja Hautoshi

Fundisho juu ya maji machafu na maji safi
Soma kwanza: Kumbukumbu la Torati 23:12-14, Ezekieli 34:17-19



Katika somo hili tutasema habari za maji machafu. Usione haya kuisoma. Kila mtu, tajiri na maskini, mkubwa na mdogo, huchafua maji kila siku: maji ya choo, maji ya kuoga, maji ya kufulia nguo, maji ya kuoshea sahani. Tunayamwaga, nasi tunayasahau. Lakini maji hayasahau njia yake. Yanashuka bondeni, yanaingia kijitoni, yanafika chemchemini. Na kesho mtoto wa mtu anakuja na bidoni yake kuyachota.

Swali letu ni hili: Je, maji yaliyokwisha kuchafuliwa na choo yaweza kuwa safi tena? Na kama yaweza, ni kwa njia gani? Ili tujibu vema, twende kwanza katika nchi ya mbali yenye kiu. Kisha tutarudi nyumbani kwetu, maana kule liko fundisho kubwa kwa kila mama na kila baba wa Kongo.

1. Mji usio na mto

Kusini ya Afrika, ng'ambo ya Angola, iko nchi iitwayo Namibia. Mji wake mkuu ni Windhoek. Wenyeji wa kale waliuita kwa jina lenye maana ya maji ya moto, kwa sababu chemchemi za moto zilibubujika mahali pale. Watu walikuja kukaa huko kwa ajili ya chemchemi hizo. Lakini mji ulipokua, visima vingi vilichimbwa, na chemchemi zikakauka.

Nchi ile ni kavu. Mvua ya mwaka mzima katika Windhoek ni karibu milimeta 360 tu, na miaka mingine haifiki hapo. Kwetu kando ya Ziwa Kivu, mvua ya mwaka hupita milimeta 1,000. Tena jua la huko ni kali sana, hunyonya maji ya mabwawa mchana kutwa. Mito ya ndani ya nchi hutiririka siku chache baada ya mvua, kisha hubaki mchanga mtupu. Mito isiyokauka iko mipakani tu. Ule ulio karibu kupita mingine, mto Okavango, uko mbali na mji karibu kilometa 700.

Mwaka 1958 mji ulijenga bwawa mahali paitwapo Goreangab, ili kuyazuia maji ya mvua yasipotee. Lakini watu waliongezeka, na maji hayakutosha. Ndipo wakuu wa mji walipotazama kitu kilichokuwa tayari mkononi mwao, ambacho hakuna mtu aliyekitaka: maji machafu ya mji wenyewe.

Basi mwaka 1968 kilianza kazi pale Goreangab kiwanda kidogo cha kusafisha maji machafu mpaka yafae kunywewa. Kiliweza kutoa lita zaidi ya milioni 4 kwa siku. Windhoek ulikuwa mji wa kwanza duniani kuyarudisha maji ya namna hiyo moja kwa moja katika mabomba ya watu. Mwaka 2002 kiwanda kipya kilifunguliwa karibu na kile cha kwanza, nacho chaweza kutoa lita milioni 21 kwa siku.

Labda unasema moyoni mwako, "Mimi siwezi kuyanywa maji hayo kamwe!" Ni vema kuogopa maji ya choo. Mwoga wa maji machafu huishi siku nyingi. Lakini usihukumu bado. Fuata kwanza njia ambayo maji hayo hupitia.

2. Njia ya maji, ukuta kwa ukuta

Fikiri juu ya boma lililozungukwa na kuta nyingi. Mwizi akiruka ukuta wa kwanza, anakuta wa pili. Akipita wa pili, anakuta wa tatu. Hivyo ndivyo walivyofanya kule. Kila kazi katika njia ya maji ni ukuta mmoja, na mwizi ni uchafu.

Ukuta wa kwanza uko mbali na kiwanda, mle mle mjini. Maji yanayotoka katika viwanda hayaruhusiwi kuchanganyika na maji ya nyumba yatakayorudishwa, kwa kuwa viwanda hutumia sumu zilizo ngumu kuondolewa. Maji yao yana njia yake ya peke yake. Angalia hekima hiyo: uchafu usioingia hauna haja ya kutolewa.

Ukuta wa pili ni vyuma vilivyopangwa kama uzio. Maji hupita, lakini vitambaa, vijiti na takataka hunaswa. Kisha maji hupunguza mwendo, na mchanga huanguka chini.

Ukuta wa tatu ni birika kubwa la kutulia. Umeona jinsi maji ya mto yanavyofanya ukiyaacha katika ndoo usiku kucha: asubuhi tope liko chini na maji ya juu yamekuwa meupe kidogo. Ndivyo ilivyo humo. Uchafu mzito huzama na kuondolewa.

Ukuta wa nne ni wa ajabu. Ni vijidudu vidogo sana, ambavyo wengine huviita mikrobi. Si vijidudu vyote vinavyoleta ugonjwa. Muumba amevifanya vingi vya kula uchafu na kuumaliza, kama vile vinavyooza majani shambani yakawa udongo mzuri. Watu wa kiwanda huvipa hewa nyingi ndani ya maji, navyo hula uchafu ulioyeyuka, ambao hauwezi kunaswa na chuma wala kuzama wenyewe. Vikiisha kushiba, huungana na kuzama chini, na maji huachwa yakiwa safi zaidi.

Ukuta wa tano ni mabwawa. Maji hutoka bwawa moja kuingia jingine polepole, siku kwa siku, chini ya jua. Jua na siku nyingi huua vijidudu vingi vya ugonjwa, na mayai ya minyoo huzama. Katika nchi kavu zenye jua, miji mingi midogo isiyo na fedha nyingi husafisha maji yake kwa mabwawa kama hayo tu. Maji hayo hayafai kunywewa. Kazi yake ni kumwagilia miti na majani. Katika Windhoek pia yako maji ya kumwagilia viwanja na bustani, nayo hupita katika mabomba yaliyotengwa, ili mtu asikosee akayanywa.

Lakini maji yatakayonywewa huendelea mbele. Hutiwa dawa inayofanya uchafu mdogo mdogo kushikamana, ukawa kama mabonge. Hewa hupulizwa toka chini, na mabonge huelea juu kama povu la sufuria, yakaondolewa. Kisha maji hupita katika mchanga. Kisha hupita katika makaa yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, nayo hunyonya harufu, rangi na mabaki ya dawa. Katika kiwanda kipya maji hutiwa pia ozoni, yaani hewa yenye nguvu ya kuua vijidudu, tena hupita katika vichujio vyenye matundu madogo ambayo jicho haliyaoni. Mwishoni hutiwa klorini, ile dawa iliyo nguvu ya maji ya javeli. Ndipo huchanganywa na maji mengine ya mji na kupelekwa majumbani.

3. Kwa nini kuta nyingi hivyo?

Hapa ndipo penye moyo wa somo letu. Tafadhali usome polepole.

Hakuna ukuta hata mmoja unaozuia kila kitu. Vyuma hunasa kitambaa, lakini kijidudu cha kolera hupita bila taabu. Birika hushusha tope, lakini haliui ugonjwa. Klorini huua vijidudu vingi, lakini maji yakiwa na tope, tope hilo humaliza nguvu za dawa kabla haijafanya kazi. Tena viko vijidudu vyenye ganda gumu ambavyo klorini haiviui upesi. Hivyo hukamatwa na mchanga na vichujio. Kila ukuta una udhaifu wake. Lakini udhaifu wa mmoja hufunikwa na nguvu za mwingine.

Tena yako jambo la pili. Vitu vyote vya wanadamu huharibika. Mashine hufa usiku. Dawa huisha. Kama usalama wa mji ungetegemea ukuta mmoja tu, siku ukuta huo unapobomoka watoto wangekunywa kifo. Lakini kuta zikiwa nyingi, mmoja ukianguka mingine ingali imesimama.

Na jambo la tatu: kule wako walinzi. Maji hupimwa mchana na usiku. Yakionekana hayafai, hayaruhusiwi kwenda mjini. Hakuna anayesema, "Jana yalikuwa mazuri, basi na leo ni mazuri." Katika miaka ya 1970 na 1980 waganga wa hospitali walichunguza kuhara kwa watu wa mji ule. Hawakuona kwamba waliokunywa maji yaliyorudishwa waliugua kuhara kupita wengine.

Basi swali letu la kwanza limejibiwa. Ndiyo, maji yaliyochafuliwa yaweza kuwa safi tena. Lakini si kwa kuyatazama tu, wala kwa dawa moja, wala kwa kazi ya siku moja. Ni kwa kuta nyingi na kwa kulinda bila kuchoka. Tena usijaribu jambo hilo nyumbani kwako. Maji ya choo hayawezi kusafishwa jikoni.

4. Sisi tunaokaa penye maji mengi

Labda unasema, "Hayo ni ya watu wa jangwani. Sisi Mungu ametupa mito, mvua na maziwa." Ni kweli, na tumshukuru. Lakini wingi wa maji si usafi wa maji.

Kumbuka mwaka 1994. Mwezi wa saba, watu mamia kwa maelfu walikimbia vita vya Rwanda wakaingia Goma. Mbele yao lilikuwa Ziwa Kivu lenye maji yasiyokwisha. Hawakukosa maji ya kuona kwa macho. Lakini vyoo havikuwako, kwa maana ile nchi ni mawe ya volkano, ni vigumu kuichimba. Kolera ikaingia, kisha kuhara damu. Kwa majuma machache makumi ya maelfu ya watu wakafa, kando ya ziwa lililojaa maji.

Huko Windhoek nako liko onyo. Lile bwawa la Goreangab liliharibika kadiri miaka ilivyopita, kwa sababu watu wengi walijenga katika bonde linalolilisha, wasiwe na vyoo vya kutosha. Kwa hiyo nchi kavu na nchi ya mvua zina sheria moja: uchafu wa juu ni kinywaji cha chini.

Nabii Ezekieli aliwakemea kondoo wanono waliokunywa maji safi, kisha wakayavuruga kwa miguu yao, hata wenzao wakabaki kunywa yaliyochafuliwa. Jiulize, ndugu yangu: Nani anakaa chini ya nyumba yangu? Ni nani anayechota pale maji yangu yanapofika? Mtu hawezi kumpenda jirani yake siku ya Mungu kanisani, na siku ya kwanza akamtilia choo chake katika chemchemi.

5. Kuta 5 za nyumba yako

Huna kiwanda, wala mji wako hauna. Katika miji yetu mingi maji ya choo hayasafishwi na mtu. Kwa hiyo imekupasa kujenga kuta zako mwenyewe. Hazihitaji fedha nyingi. Zinahitaji bidii ya kila siku.

Ukuta wa kwanza ni choo. Huu ni kama ule wa Windhoek wa kutenga maji ya viwanda: zuia uchafu mahali unapoanzia. Mungu aliwaagiza Waisraeli watoke nje ya kambi, wachukue kitu cha kuchimbia, na kufunika uchafu wao. Chimba choo mbali na kisima au chemchemi, hatua nyingi, si chini ya meta 30, tena upande wa chini, si wa juu. Kifunike tundu lake, ili nzi wasiingie na kutoka. Mavi ya mtoto mchanga nayo yatiwe chooni. Watu hufikiri hayana hatari. Ni uongo, yana vijidudu kama ya mtu mzima.

Ukuta wa pili ni mikono. Nawa kwa sabuni baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kula na kabla ya kumlisha mtoto. Kama sabuni imekwisha, tumia majivu. Msinawe wote katika beseni moja, maana wa mwisho ananawa uchafu wa wa kwanza. Mmoja amwage maji, mwingine anawe.

Ukuta wa tatu ni mahali pa kuchotea. Chemchemi ijengewe, iwekewe bomba, na kuzungushiwa uzio ili mbuzi na nguruwe wasiingie. Hiyo si kazi ya mtu mmoja. Ni kazi ya kijiji kizima, na kanisa liwe la kwanza kuleta majembe.

Ukuta wa nne ni moto au dawa. Chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote kwa nguvu muda wa dakika 1. Kwenye milima mirefu, dakika 3. Kama unatumia dawa ya klorini, kwanza acha maji yatulie, uyachuje kwa kitambaa safi, ndipo utie dawa kwa kipimo kilichoandikwa, ungoje nusu saa. Kumbuka tuliyosema: tope hula nguvu za dawa.

Ukuta wa tano ni chombo. Maji yaliyochemshwa huweza kuchafuliwa tena kwa kikombe kimoja. Yaweke katika bidoni yenye mdomo mdogo au mtungi wenye kifuniko. Usitumbukize mkono wala kikombe kilichonywewa. Chakula nacho kifunikwe. Sombe iliyopikwa sana haina hofu, lakini nyanya na mboga zinazoliwa mbichi zioshwe kwa maji safi.

Wengine hujenga ukuta mmoja, kisha hulala. Mama mmoja huchemsha maji vizuri, lakini hana choo. Mwingine ana choo kizuri, lakini hanawi mikono. Kisha mtoto anaharisha, nao wanasema, "Mbona tulifuata mafundisho ya hospitali?" Mlifuata moja. Adui aliingia kwa mlango wa pili.

6. Ukuta ukibomoka

Hata nyumba iliyolindwa vema yaweza kupatwa. Mtoto akianza kuhara, kitu kinachomwua upesi ni kukaukiwa maji mwilini. Usimnyime maji kwa kufikiri kwamba kuhara kutakoma. Mpe maji yenye chumvi ya hospitali. Kama hunayo, twaa lita 1 ya maji safi, tia vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyo sawasawa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Koroga. Mnyweshe kidogo kidogo, mara kwa mara. Mtoto wa kunyonya aendelee kunyonya.

Kama macho yameingia ndani, au halii machozi, au analegea, au kuna damu, au anaharisha maji kama ya mchele, usingoje asubuhi. Mlete hospitali usiku huo huo, ukimnywesha njiani. Usione haya, usiogope kukemewa. Wengi tuliowazika waliletwa wakati uliokwisha kupita.

7. Neno la mwisho

Wengine husema, "Wazee wetu walikunywa maji ya mto huu, nao waliishi." Twawaheshimu wazee wetu. Lakini walikuwa wachache, na mto haukubeba uchafu wa mji mzima. Tena waulize bibi zetu walizaa wangapi, na wangapi walikua. Watakuambia kwa machozi.

Watu wa nchi kavu walijifunza kwa shida ya kiu kuheshimu kila tone, hata tone lililochafuliwa. Sisi tusingoje kujifunza kwa makaburi. Mungu ametupa maji bure. Kuyalinda ametuachia sisi. Anza leo kwa ukuta ule ambao nyumba yako haina. Ukiisha kuujenga, usiuache ule wa zamani.

Maswali ya kujibu nyumbani au katika kikundi cha kanisa

1. Kwa nini mji wa Windhoek uliamua kusafisha maji yake machafu?
2. Taja kuta 3 ambazo maji yale hupita, na uchafu ambao kila mmoja hukamata.
3. Kwa nini klorini haifanyi kazi vema katika maji yenye tope?
4. Katika kuta 5 za nyumba, upi haupo kwako? Utaujenga siku gani?
5. Nani anachota maji upande wa chini wa nyumba yako? Nenda ukaone mahali hapo juma hili.